Harusi ya Shumba, Msimu wa Kampeni

Safari hii ilianza na gauni. Shangazi yangu, Bi Mize wa Shumba Viamboni, kule Pemba, alikuwa anamuoza binti yake wa mwisho, Salma, na fundi cherehani wa ukoo mzima ni mimi. Nguo ya bibi harusi ilikuwa juu yangu tangu bibi harusi mwenyewe hajaota meno. Nikadhani nitaituma tu na mtu, mimi na bahari hatupatani. Ndipo shangazi akapiga simu.

“Njoo nayo mwenyewe, Rukia. Na subira uje nayo, kuno kwetu kiti ki wazi.”

Nyinyi mlio mjini huenda hamjui uzito wa neno hilo. Mwakilishi wa jimbo, aliyekikalia kiti miaka na miaka, ametangaza kwamba umri umekwenda na hagombei tena. Kiti kikiwa na mwenyewe, Wapemba hubishana. Kikiwa wazi, hununiana. Shumba ina baraza mbili za kahawa, moja kila upande wa barabara, na kila moja ina chama chake. Watu huziita baraza ya juu na baraza ya chini. Safari hii wagombea wote wawili wametoka hapo hapo kijijini. Baraza ya juu imemsimamisha Mwalimu Faki, shemeji yake shangazi. Baraza ya chini imemsimamisha Kombo, mnunuzi wa mwani, ambaye amelelewa na mama yake mkubwa, Bi Chumu.

Na Bi Chumu huyo alikuwa shoga wa shangazi tangu utotoni, wamesoma chuo kimoja cha Kurani, wametobolewa masikio siku moja. Uchaguzi uliopita ukawatenga. Mume wa shangazi, Mzee Hamadi, alifariki katikati ya kampeni, naye alikuwa mtu wa baraza ya juu. Baraza ya chini haikufika msibani. Hakuja hata Bi Chumu. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili wakikutana njiani husalimiana kwa sababu salamu ni wajibu, basi.

“Nlimzika mume wangu na nusu ya mji,” shangazi akaniambia kwenye simu. “Salma hatoolewa na nusu ya mji. Wallahi bora niivunje shughuli.”

Nikaenda kukata tikiti.

Asubuhi, bandarini Malindi, niliingia botini na boksi langu la gauni, nikalipakata kama mtoto mchanga. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mwenye kikapu cha mikate. Kabla boti haijapiga honi alishaniuliza natoka wapi, naenda wapi, kwa nani. Nilipotaja Shumba akanisogelea.

“Ee! Wapi pale, juu au chini?”

“Mie nakwenda harusini, bibi.”

“Aa, harusi nayo ina pahala pake,” akasema, akaniangalia kwa huruma. Baada ya Nungwi bahari ikachafuka, nikawa sina tena maoni juu ya jambo lolote. Yule mama alinishikia boksi mpaka tukafika, Mungu ampe kila la kheri.

Mkoani tuliteremka jua la adhuhuri. Shangazi alisema nitafute gari yoyote ya kwenda Konde. Nikaona gari nyeupe nzuri, dereva kijana mpole, turubali limefungwa juu ya keria.

“Wapi hiyo?”

“Shumba, dada.”

Shumba moja kwa moja! Tena bure, maana anarudi na nafasi ipo. Nikashukuru, nikakaa mbele, nikafungua dirisha. Njia ya Chake ni vilima na mabonde, mikarafuu huku na huku, na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya lami mpaka harufu inakuingia katika nguo. Nilinunua machungwa, nikammenyea dereva. Tulizungumza mambo ya watoto na bei ya sukari. Hakuniuliza siasa hata mara moja, nami nikasema moyoni, leo nimepata mtu muungwana.

Tulipoipita Konde na ardhi ikaanza kuwa ya mawe, alisimamisha gari. Akateremka, akalifungua turubali. Chini yake kulikuwa na spika mbili kubwa na bendera zilizokunjwa. Akazitundika bendera pembe zote, akarudi, akabonyeza kitufe.

Nilidhani paa la gari limepasuka. Wimbo wa kampeni wa baraza ya chini!

“Zima, mwanangu, zima!” nikapiga kelele.

“Siwezi, dada, tushaingia jimboni. Bosi ataniuliza.”

Bosi alikuwa Kombo. Gari lilikuwa la kampeni yake, limetoka kutengenezwa Mkoani. Hivyo ndivyo mpwa wa Bi Mize, mjane wa Mzee Hamadi wa baraza ya juu, alivyoingia Shumba: kiti cha mbele, bendera za chini zinampepea usoni, gauni la harusi mapajani. Baraza ya chini wakasimama wakapiga makofi. Baraza ya juu hakuna aliyeinua hata kikombe. Nilitamani kuingia ndani ya boksi.

Alasiri ile shangazi alinipokea mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini.

“Hukuona gari nyengine, Rukia?”

“Ilikuwa na turubali, shangazi.”

Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Kabla sijamaliza maji ya kunywa, habari ilikuwa imeshafika mwisho wa mji na kurudi imenenepa. Wakasema Bi Mize amehamia chini. Wengine wakasema harusi imelipiwa na Kombo. Magharibi haijaingia, akaja Bi Mafunda, mke wa Mwalimu Faki. Hakukaa.

“Shemeji, hatuna neno,” akasema. “Ila wanawake wanauliza, kwani kuna haja ya sie kuja kupika?”

Hapo yabidi niwaeleze jambo. Shumba hakuna anayealika wapishi wa harusi. Siku ya shughuli wanawake huja wenyewe alfajiri, kila mmoja na kisu chake na mbuzi yake ya kukunia nazi chini ya kwapa. Wakija, umetunzwa. Wasipokuja, mji umekupa jawabu, na jawabu hilo litamfuata binti yako mpaka kwa wakwe. Bi Mafunda alipoondoka, Salma aliingia chumbani akafunga mlango. Tukamsikia analia. Mkosi wote ule niliuleta mimi, kwa kupenda cha bure.

Shangazi alikaa juu ya mbuzi ya nazi pale uani. Halafu akainuka, akavaa kanga ya kutokea.

“Twende kwa Chumu.”

Nyumba ya Bi Chumu iko upande wa chini, karibu na wanapoanika mwani. Tulipiga hodi. Bi Chumu alitoka mwenyewe, mwanamke mrefu, mkavu, na mikono iliyobabuka kwa maji ya chumvi. Wakasalimiana. Hali, wazima, alhamdulillahi.

“Chumu,” shangazi akasema, “sikuja kwa kura. Namuoza Salma. Nataka watu wako wapike mchuzi, papa hapa uani kwako. Wali watapika wa juu, uani kwa Mafunda. Mwenye wali hana mchuzi, mwenye mchuzi hana wali. Atakayetaka kula na avuke barabara.”

Bi Chumu akageuka akaangalia uani kwake.

“Nyama utaileta saa ngapi?” akauliza.

“Alfajiri.”

“Haya.”

Hilo tu. Kwa Bi Mafunda mambo yalikuwa rahisi zaidi. Aliposikia baraza ya chini watapika mchuzi, akasema hakuna mtu wa chini atakayemshinda yeye kwa kupika, shughuli wataiona.

Siku ya harusi nilimvisha Salma tangu asubuhi. Gauni lilimkaa vyema, kiuno sikukikosea, najisifu kidogo kwa kuwa hapana wa kunisifu. Kupitia dirishani moshi ulikuwa unapanda pande zote mbili za barabara. Shangazi alikuwa anatembea tu ndani ya nyumba, anapanga vilivyokwisha pangwa. Kila mara ananiuliza, “Wamekuja wangapi?” Nachungulia namwambia ni wengi, kweli walikuwa wengi, lakini kila upande uani kwake.

Baada ya sala ya adhuhuri ndoa ikafungwa msikitini. Wakwe walitoka Kisiwa Panza, kusini kabisa, watu wa bahari wenye njaa ya safari, wakakaa kwenye majamvi wakingoja. Ndipo masinia yakaanza kutoka.

Kutoka juu yakaja masinia ya wali. Na nyuma yake mabakuli ya mchuzi. Kutoka chini yakaja mabakuli ya mchuzi. Na nyuma yake masinia ya wali. Misafara miwili ikakutana katikati ya barabara, mbele ya mlango wetu, wanawake wamebeba vichwani, wakasimama wakitazamana. Vyakula vya harusi mbili, na bibi harusi mmoja.

“Mafunda!” shangazi akasema. “Nani kakwambia upike mchuzi?”

Bi Mafunda hakutahayari hata kidogo. “Nlijua wano hawataleta. Nkachinja kuku wangu mwenyewe. Mgeni ale wali mkavu kwa ajili ya siasa?”

Wanawake wa juu wakaitikia kwamba ndivyo. Kisha watu wote wakamgeukia Bi Chumu. Yeye alikuwa na sinia la wali kichwani, wali wa nazi unaotoa mvuke. Wakajua naye kafanya vile vile.

Mimi niliona shughuli imekufa pale pale. Lakini shangazi akaangalia masinia upande huu, akaangalia upande ule, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mlango, na kicheko chake kikamshika Bi Mafunda, kikaenda hivyo mpaka mabakuli yakaanza kumwaga mchuzi. Mzee mmoja wa wakwe akatoa sauti kutoka jamvini: “Jamani, israfu ni haramu! Chakula kino kitaliwa na nani?”

Hilo likamaliza ubishi wote. Mpemba anaweza kukununia miaka mitano, lakini kumwaga wali hathubutu. Kombo akaliita gari lake, lile lile lililoniadhiri, akashika kipaza sauti: “Wananchi wa Shumba, mnaombwa harusini kwa Bi Mize, chakula kimezidi!” Mwalimu Faki akamnyang'anya kipaza sauti. “Na wa juu pia! Mje wote, na watoto!” Kisha akaanza kutaja ahadi ya kisima, akanyang'anywa yeye.

Wakaja. Wakakalishwa wanne wanne kwa kila sinia, jinsi walivyofika, maana nafasi ya kuchagua jirani haikuwapo tena. Nilichungulia nikaona Kombo na Mwalimu Faki wameketi sinia moja na wakwe wawili wa Panza, wanabishana kuhusu bandari huku mmoja anamsogezea mwenzake pande la nyama. Siwadanganyi, hakuna aliyebadili chama siku ile. Nyimbo za vijembe ziliendelea mpaka jioni. Ila Salma aliolewa na mji mzima.

Jioni, watu walipopungua, nilikuwa uani nakosha masufuria na shangazi. Bi Chumu akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na sahani ya ukoko, ule ukoko mwekundu wa wali wa nazi, ambao wasichana wawili wa zamani walikuwa wakigombania.

“Nlikuekea,” akasema.

Shangazi akapokea. “Ahsante. Lakini weye nawe, Chumu! Mafunda namjua, moyo wake umejaa shaka. Weye ulinishuku mie kwamba sitoleta wali?”

Bi Chumu akakaa juu ya kinu kilicholala.

“Sikukushuku. Wali uno si wa harusi, Mize.” Akajifuta mikono kavu kwa kanga. “Siku aliyozikwa Hamadi, mie nlipika wali. Sufuria zima. Nkalitia kichwani, nkafika barabarani. Nkawaona watu wangu wamekaa barazani wananitazama. Nkarudi. Kile chakula hakikulika nyumbani kwangu, nliwamwagia kuku. Toka siku hiyo kila nkipika wali nakumbuka barabara ile. Leo nimeivuka.”

Shangazi aliuvunja ukoko katikati, akampa nusu. Wakala, unasikika ukivunjika menoni, na machozi yanawateremka wote wawili bila ya mtu kuyafuta. Mimi niliendelea kukosha sufuria moja ambalo lilikuwa safi zamani.

Asubuhi ya kuondoka shangazi alikataa nipande gari lolote lenye kitu juu ya keria. Alinitafutia gari la matofali, nikafika Mkoani nimekuwa mweupe kwa vumbi kama mchawi. Botini nikakaa, na nani akaja kukaa pembeni yangu? Yule yule mama wa mikate, anarudi mjini.

“Ehe, mwanangu, umeona mwenyewe,” akasema. “Kiti kile nani atakipata?”

Nilifikiri. Nilikuwa nimekaa Shumba katikati ya kampeni, nimepanda gari la mgombea, nimeosha sinia alilolia mgombea mwengine. Atakipata mmoja, na nusu ya mji itanuna. Nilichokijua ni kwamba siku hiyo ya kununa ikifika, na msiba ukitokea, kuna mwanamke mmoja wa baraza ya chini ambaye hatarudi tena njiani na sufuria lake.

“Sijui, bibi,” nikamjibu, nikafungua kitambaa alichonifungia shangazi. “Chukua ukoko.”