Jogoo wa Mama Mbelu na Ukuta wa Kisimba

Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kwa ngumi, ukutani. Sauti hiyo Mama Mbelu aliikumbuka kuliko mlio wa jogoo mwenyewe.

Nyumba za kambi yetu ya wafanyakazi, hapa Kolwezi, zilijengwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati. Upande huu aliishi Mbelu, mama wa Kikasai, na mumewe Ngeleka, karani wa depo. Upande wa pili aliishi Kisimba, mtu wa kaskazini ya mkoa wetu, dereva wa lori kubwa la karyeri, lile shimo la mgodi, pamoja na mkewe Ndaya. Wiki ambazo Kisimba alikuwa na poste, yaani zamu, ya usiku, Ndaya alitundika kitenge chekundu mlangoni kila asubuhi. Akina mama wote wa mstari ule walijua maana yake: mtu amelala. Sombe, majani ya muhogo, ilipelekwa kutwangwa mbali, watoto walifukuzwa wakacheze kwingine, hata wenye ugomvi waligombana kwa kunong'ona.

Jogoo wa Mbelu peke yake hakujua kusoma kitenge.

Mwaka ule wa 1974 serikali ilitaka kila mtu aitwe sitwayen, yaani raia, basi jogoo naye akaitwa Sitwayen. Aliwika alfajiri, aliwika saa nne, aliwika jua likiwa utosini. Ngo, ngo, ngo.

"Mama Mbelu! Ule Sitwayen yako hana poste? Anatumika kazi asubuyi, midi na mangaribi?"

"Tata Kisimba, unisamehe. Nitamwambia."

"Unamwambiaka na Kiluba ya Kasai, njo maana hasikii. Mwambie na kisu!"

Mbelu alifunika kibanda cha kuku kwa magunia na blanketi kuukuu, jogoo adhani ni usiku. Sitwayen akanyamaza kidogo. Kisha kuku mmoja akataga, na kibanda kizima kikashangilia humo humo gizani. Ngo, ngo, ngo. Jioni Kisimba alipita akienda kazini, akachungulia juu ya uzio: "Mama, bado anapumua?" Mbelu akacheka, akampa Ndaya mayai mawili. Ndivyo walivyoishi, wakigombana ukutani na kupatana uani.

Mwezi wa pili, mvua ikiwa nyingi, ukingo wa barabara ya karyeri ulikatika. Lori la Banza lilikuwa mbele, la Kisimba nyuma yake. Banza, aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, aliteremka na lori lake mpaka chini, na Kisimba akabaki juu ameshika usukani.

Tulimzika Banza siku ya Alhamisi. Jumatatu kitenge chekundu kilikuwa mlangoni. Saa nne Sitwayen aliwika. Mbelu alisimama katikati ya ua, mkono kifuani, akingoja ukuta.

Ukuta ulinyamaza.

Jumanne ukanyamaza. Jumatano vilevile. Ijumaa Mbelu alimwambia mumewe, na Ngeleka akabaki na tonge la bukari mkononi.

"Hagongi tena? Mama, mutu anayekupigia kelele angali jirani. Mwenye kunyamaza amekwisha kukushitaki kwa shefu wa kambi. Unakumbuka bale benye kufuga mbuzi, mustari ya nyuma? Siku moja tu, bakafukuzwa, bitu byao byote njiani."

Mbelu alikumbuka. Alikumbuka vitanda vyao vikilowa mvua.

Jumamosi, mchana, alimchinja Sitwayen kwa mkono wake mwenyewe. Alimpika kwa mawese, akaweka firigisi nzima juu ya nyama. Kwao Kasai firigisi ni ya mwenye nyumba, mke haigusi. Kumpelekea mwanaume mwingine ni kumwambia: nimepiga magoti. Akavaa kitenge safi, akafunika sahani kwa kitambaa cheupe, akapita mlango wa mbele kama mgeni.

Kisimba mwenyewe alifungua, macho mekundu. Akainua kitambaa. Akaiona firigisi.

"Huyu ni nani?"

"Ni Sitwayen, Tata. Sasa utalala."

Mbelu alingoja kicheko. Kisimba alikaa sakafuni, mtu mzima vile, sahani mapajani.

"Nani alikutuma, Mama? Nani?"

Kisimba akaifunika tena sahani.

"Mi nikifunga macho, namuona Banza. Taa zake zinashuka, zinashuka, na mi niko nyuma yake, nashuka. Halafu Sitwayen analia, njo najua niko kwangu, mu kitanda. Sasa nani atanipandisha kutoka kule chini?"

Mbelu alibaki wima, mikono mitupu mbele yake kama ingali inashika sahani. Siku zote zile alizodhani jirani ananyamaza kwa hasira, jirani alikuwa anasikiliza. Alirudi kwake bila kuaga. Uani manyoya yalikuwa bado yanazunguka na upepo. Aliyatazama mpaka watoto wakaogopa.

Jumatatu kitenge chekundu kilitundikwa tena, kwa kuwa dereva mmoja alikuwa amepungua na wiki za usiku ziliongezwa. Saa nne ilipofika, Mbelu aliacha maharagwe motoni, akaingia chumbani, akaweka sikio ukutani. Upande wa pili mtu aliguna usingizini, kama anayevutwa chini.

Mbelu akagonga kwa kidole kimoja. Ngo, ngo, ngo.

Mguno ukakatika. Mbelu akasogeza mdomo mpaka ukagusa chokaa, akasema, polepole sana:

"Tata Kisimba. Uko kwako."