Miraba Minane na Nyusi Zangu

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya zamani ya shule moja huko mtaa wa Mutanga Nord, na mtu wa kwanza kukichukia ni mimi. Dirisha nililiziba kwa kitambaa cheusi mara mbili, kwa sababu mwanga haukutakiwa. Feni nayo haikutakiwa, eti kelele yake huvuta akili ya mtu. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, viti viwili na joto lililokosa pa kutokea. Nilikaa humo karibu miezi miwili, asubuhi mpaka alasiri, na hadi leo nikiingia penye pazia zito nalifungua kabla sijaketi.

Kazi ilikuwa kupima kumbukumbu ya macho, ile fupi inayoshika kitu kwa muda mdogo tu baada ya kukiona. Mbele yako inatokea miraba ya rangi, mara minne, mara sita, mara minane. Kufumba na kufumbua, imepotea. Skrini inabaki tupu kama sekunde moja, kisha miraba inarudi, nawe useme kama yote ni ileile au mmoja umebadilika rangi. Kuna kitufe cha sawa na kitufe cha imebadilika. Ukikosea, kompyuta inatoa mlio mzito, kama mzee anayeguna. Ni hivyo tu, mamia ya mara, mpaka macho yanalia. Watu wengi hushika miraba mitatu, minne kwa taabu. Ikifika minane wanabahatisha, na hakuna aibu, ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo.

Mwalimu aliyenisimamia alikuwa ng'ambo, tulionana kwenye simu tu. Aliniahidi kwamba nikipima watu thelathini na matokeo yakamfikia kabla ya miezi miwili kwisha, nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika maabara yake ni yangu. Sikuwa na mlango mwingine. Miaka miwili nilikuwa nimemaliza masomo bila kazi, nalala kitanda kimoja na binamu zangu wawili, mtaani Buterere, ambako mvua ikinyesha tunapandisha magodoro juu ya meza. Jamani, nilikuwa nimechoka. Nilitaka kutoka, na nafasi ile ndiyo ilikuwa kutoka kwenyewe.

Mwalimu alinipa na sharti moja. Ukishamweleza mtu kazi, alisema, toka nje na ufunge mlango. Nikajibu ndiyo, mwalimu. Nilisema ndiyo kama tunavyowaambia wakubwa, yaani nimesikia.

Watu thelathini nilitafutiwa na mama mukubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea tangu tulipovuka mpaka kutoka Uvira. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, na kwaya yao ni ya wamama watupu, wengi wao hawakusoma. Siku ya mazoezi aliwasimamisha wenzake akawaambia mutoto wetu ana mtihani wa mwisho, tumusaidie. Nilikuwa pale pale kando. Ilikuwa niseme kwamba si mtihani, na kwamba hakuna wa kushinda wala kushindwa. Lakini walikuwa wanapiga vigelegele, nami niliona uvivu kueleza. Nikanyamaza.

Wa kwanza alikuja kwa miguu, maana mafuta hayakupatikana mjini na mabasi yalikuwa yamelala. Matope yalimfika kwenye vifundo. Alivua viatu mlangoni, akakaa, nikamweleza, kisha nikainuka nitoke. Akanishika mkono. Aliniuliza amekosa nini hata afungiwe gizani peke yake kama mwizi. Kwake, alisema, hata anayekuja kusoma mita ya maji haachwi peke yake sebuleni. Kweli, sisi tumekuzwa hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unamwachaje mgeni akiangalia kuta? Nikaketi kwenye kiti cha pili, upande wa kulia, naiona skrini na yeye ananiona. Kesho yake nikaketi tena. Baada ya wiki sikukumbuka kwamba kuna sharti.

Basi nilikuwa mfungwa wa chumba kile kuliko wao. Wao walikaa saa moja na nusu wakaenda zao, mimi nikabaki kumngoja mwingine. Na miraba ilikuja kwa mpangilio uleule kwa kila mtu. Kufika mtu wa kumi niliijua kama sala. Najua sasa inakuja minane, najua wa chini kushoto utageuka kutoka zambarau kuwa manjano. Nilikuwa naiona hata nikipepeta mchele nyumbani.

Matokeo yalinishangaza. Wamama wale walikuwa wakipata miraba minane kana kwamba ni miwili. Mwalimu alipoona ya watu kumi na tano wa kwanza alifurahi mpaka akasahau kusalimu. Alisema huenda kuimba bila karatasi, kwa kushika kila kitu kichwani, kunakuza kumbukumbu hata ya macho. Alisema tumepata jambo. Nilitoka nje ya ile stoo nikacheka peke yangu uani, nikaona mtaa wa Gihosha juu kule na nyumba zake, nikajisemea huku kote nitakuaga.

Mama mukubwa alikuwa wa thelathini. Siku hiyo nilikuwa na mafua makali, kwa hiyo nilivaa barakoa nisimwambukize, na kilemba nilikuwa nimekishusha mpaka karibu na macho kwa kuumwa kichwa. Alianza, na kompyuta ikaguna. Ikaguna tena. Ilipofika miraba sita ikawa kuguna mfululizo. Alikuwa haangalii mbele hata kidogo. Alikuwa amenigeukia mimi, jasho linamtiririka, kidole kikining'inia juu ya vitufe. Mwishowe akaacha.

"Toa ile kitambaa ku uso," akaniambia. "Na kilemba upandishe. Mi nitaonaje jibu?"

"Jibu gani, mama mukubwa?"

"Ya nyusi zako. Zikipanda, imebadilika. Zikitulia, apana."

Kwetu ukiulizwa jambo na jibu ni ndiyo, huna haja ya kufungua mdomo. Unainua nyusi, basi. Kumbe nilikuwa naijibu ile mashine kila mara, mtu wa kwanza mpaka wa ishirini na tisa, bila kujua. Nao ni watu wa kwaya. Maisha yao yote wameimba kwa kumwangalia kiongozi usoni, akikaza jicho wanashusha sauti, akiinua kidevu wanaingia. Uso wangu waliusoma siku ya kwanza, na aliyetoka alimwambia anayekuja. Mama mukubwa alinieleza haya akijifuta shingo, bila haya yoyote, tena kwa fahari. Walikubaliana wote kwamba mutoto asianguke. Sikuwa nimepima kumbukumbu ya mtu yeyote. Nilikuwa nimepima upendo wao, na huo mwalimu hakuuomba.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilimwambia leo imetosha, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikajifungia. Nilitaka kumrushia mtu kitu na hapakuwa na mtu. Niwagombeze kwa lipi? Aliyewaambia mtihani ni mama mukubwa, na aliyenyamaza ni mimi. Aliyeambiwa toka nje ni mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lilikuwa langu.

Siku tatu matokeo sikuyatuma wala sikuyafuta. Mahesabu yangu yalikuwa mafupi: nimtoe mama mukubwa peke yake, niseme aliugua, wabaki ishirini na tisa wazuri. Nani angejua? Ningepanda ndege. Kisha nikaona nikiwa huko, mwalimu ananiambia haya, turudie na kwaya nyingine, na hiyo kwaya nyingine haina nyusi zangu. Nikisema ukweli nabaki. Nikinyamaza naenda kufungwa mbali zaidi, ndani ya uongo ambao lazima niulishe kila siku. Nilikuwa nakaa kwenye stoo ile bila kazi yoyote, kitambaa cheusi dirishani, nikishindwa hata kuinuka nikafungue. Nilikuwa naogopa, ndiyo hivyo.

Jumapili kanisani wakanimaliza. Baada ya nyimbo mama mukubwa aliniita mbele. Kwaya ikanizunguka, wakamshukuru Mungu hadharani kwa mutoto wao aliyeshinda mtihani, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, nisingeweza kusogea hata hatua. Kiongozi aliniuliza mbele ya kanisa zima kama ni kweli nitasafiri. Nyuso thelathini zilikuwa juu ya uso wangu, na safari hii nilijua zinaangalia wapi. Nilizikaza nyusi zangu mpaka paji likauma. Nikasema tuombe.

Jioni ile nilimwandikia mwalimu yote, na kiti cha pili, na barakoa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Afadhali nilie mwenyewe. Alijibu baada ya siku mbili kwa upole, na upole ndio uliouma. Kazi ni nzuri, irudiwe yote kwa mpangilio mpya wa miraba, mlango ukiwa umefungwa. Nafasi haiwezi kunisubiri, amepewa mwingine.

Nilimweleza mama mukubwa tukiwa tunaanua nguo. Nilimweleza polepole, tangu mwanzo, kama nilivyopaswa siku ya vigelegele. Alikunja shuka lote peke yake. Nilidhani atalia. Akasema basi wataanza upya, na yeye ndiye wa kwanza.

"Na we utakaa wapi?" akauliza.

"Inje, mama. Na mulango nitafunga."

Alikuja siku iliyofuata na kitenge chake cha kwaya. Alivua viatu. Nilimweleza, nikamwambia akikosea si kitu, tena lazima akosee, ndiyo kazi yenyewe. Nikamwambia akitaka kuacha atoke, mlango hauna ufunguo, ila mimi sina ruhusa ya kusema neno mpaka mwisho. Kisha nikafanya nilichoambiwa miezi miwili nyuma. Nikaketi kwenye benchi la korido, goti langu likigusa ubao wa mlango.

Miraba minne alikwenda vizuri. Sita, mashine ikaanza kuguna. Minane ikawa kuguna, kimya, kuguna. Nilijua amegeukia kile kiti kitupu. Hicho ndicho nilichokijua kuliko kitu chochote nilichosoma. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Kuguna kukakoma kidogo, akaita, si kwa sauti kubwa.

"Mama, uko hapo?"

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu utotoni, nikiamka usiku, yeye ndiye mkubwa na mimi ndiye mama. Niliukaza mdomo, na nyusi zangu zikapanda zenyewe, mbele ya mlango uliofungwa.