Visahani vya Kabatini

Fundi wa sakafu hugonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, husikiliza, kisha husonya. Leo alisonya sana. Hii ilikuwa mara ya tatu kung'oa mbao zilizooza chini ya maua ya mama yule yule.

"Mama, vile visahani nilivyokuletea uweke chini ya vyungu viko wapi?"

"Nimevifungia kabatini, mwanangu. Vizuri mno vile, vitachafuka!"

Fundi akapiga randa kama anayegombana nayo. Alipomaliza, mama alimletea maji. Akanywa nusu, akaona ua moja limenyong'onyea, na bila kufikiri akalimwagia yaliyobaki. Maji yakachuruzika hadi kwenye ubao mpya. Fundi akavua kofia, akaanza kufuta. Mama akaenda kufungua kabati.