Mama Mkwe, Kastadi na Bima Yangu ya Nyumba

Saa nne asubuhi mlango ulifunguliwa, mama mkwe wangu Glenys akaingia na aproni ya kazini, upawa bado mkononi.

"Mama, vipi, shule imeungua?"

"Wamenifukuza, Huw. Wananiita mwizi."

Nilianza kucheka. Nikaona macho yake, nikaacha.

Miaka kumi na tisa amepika kwenye shule moja hapa mjini kwetu Pontypridd. Kosa lake? Alibeba kastadi iliyobaki, ule mchuzi mtamu wa maziwa na mayai, ambayo ilikuwa inaenda jalalani. Meneja mpya akamtimua bila hata kumsikiliza.

Sasa mnielewe. Alikuwa ameishi kwetu miaka miwili, na Jumamosi ile ndiyo alikuwa anahamia flati yake. Maboksi yalishajaa koridoni. Chumba chake nilishakipima kwa ajili ya reli ya treni zangu za kuchezea.

Akachukua koti. "Naenda kwa wakili pale karibu na posta. Hata pete nitauza. Nataka jina langu lisafishwe."

"Mama, kaa chini!" Mke wangu Rhian alikuwa ametoa faili la bima ya nyumba. "Humu kuna kipengele cha gharama za kisheria. Ukitafuta wakili mwenyewe kabla ya kuwapigia, hawalipi."

Kile kipengele! Pauni ishirini na nane kwa mwaka, na nilimnunia Rhian wiki nzima alipokiongeza. Mimi nilijua bima ya nyumba ni bomba likipasuka, basi.

Nikapiga simu.

"Migogoro ya kazi imo," akasema dada wa bima. "Inahusu na wanafamilia, ila wawe wanaishi hapo. Mama anaishi hapo, au anapita tu?"

Nikatazama maboksi.

"Anaishi hapa," nikasema.

Wakili wao akasoma barua za shule, akasema nafasi ya kushinda ni zaidi ya nusu. Ingekuwa chini ya hapo wasingeigusa kesi.

Hapo nikajiongeza mwenyewe: akihama tu, bima inakufa. Ijumaa nikafungua maboksi yote kwa mikono yangu. Flati akapewa mtu mwingine.

Miezi saba! Redio yake inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nikawa nampelekea chai kitandani, asije akasusa akaondoka.

"Mkwe wa dhahabu huyu," akawa anawaambia majirani.

Shule ikasalimu amri kabla kesi haijasikilizwa. Kazi akarudishiwa, pamoja na barua ya kuomba radhi. Aliisoma akalia. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Jioni tukala pudingi ya tofaa na kastadi. Nikakohoa kidogo.

"Mama, sasa hata ukihama, bima haina neno."

Akavaa miwani, akafungua kijitabu cha bima ukurasa wa thelathini na moja. Alikuwa ameupigia mstari.

"Kinachoangaliwa ni nilikuwa naishi wapi siku waliyonifukuza. Ningeweza kuhama kesho yake."

"Ulijua lini?"

"Ijumaa ile, ulipokuwa unafungua maboksi."

"Mbona hukusema?"

"Chai ya kitandani, mwanangu. Nani anaikataa?"

Rhian alicheka hadi akashika ukuta.

Treni zangu ziko stoo mpaka leo.

Ndugu zangu, kijitabu cha bima kina kurasa arobaini na hakina hata picha moja. Kisomeni hivyohivyo. Usipokisoma wewe, mama mkwe atakisoma.