Mnyoo wa Baharini Mezani kwa Mzee wa Kanisa

Mwanangu, wewe unayerudi likizo na maneno mapya mdomoni, sogea hapa karibu na moto. Naikumbuka vizuri siku ambayo nusura niachishwe shule kwa sababu ya mnyoo, tena mnyoo wa baharini, ambaye hapa Njombe hakuna aliyewahi kumwona.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nasoma shule ya wasichana upande wa Iringa, na wasichana wa kwetu waliofika huko walikuwa wachache mno. Mwalimu wetu wa bayolojia alileta minyoo hao kutoka pwani ndani ya chupa ya spiriti, tukampasua mmoja. Niliporudi likizo, kichwa kimenivimba kwa kisomo, nikatangaza mezani usiku wa mwisho kabla ya kurudi shule, "Mnajua kuna mnyoo wa baharini ambaye ni ndugu yetu?"

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Alirudisha tonge sahanini.

"Ndugu wa nani?"

"Wetu sote, Baba. Wa watu."

Hakufoka, na heri angefoka. Alisema tu kwamba kesho lori la Makambako, la kunirudisha shule, litaondoka bila mimi. Mama akaanza kulia. Nilimjua baba, akishasema amesema.

Bibi, mama yake baba, alimaliza kutafuna kwanza. Kisha akaniambia, "Simama. Hapa nyumbani mgeni akidai undugu tunamfanyaje?"

Nilijua. Mgeni wa namna hiyo husimama mlangoni akataja baba yake, babu yake na kijiji walikotoka, mpaka afike pale ukoo wake unapokutana na wetu. Ndipo hupewa kigoda.

"Huyo wako umemwingiza mpaka mezani bila kumtaja hata babu mmoja," akasema bibi. "Baba yako ana haki ya kukasirika. Haya, mtaje. Anza na ulichokiona, usianze na undugu."

Nikaanza. Nikasema ni laini, ukimshika vibaya anakatika. Mbele ana pua nene ya kuchimbia mchanga, inafuata sehemu fupi inayomzunguka kama ukosi wa shati, na mdomo umejificha hapo katikati. Nyuma ni kiwiliwili kirefu. Humeza mchanga, akabakiza chakula na kuutoa mchanga nyuma.

"Kama nyungunyungu," akasema bibi.

"Ndiyo, Bibi, lakini nyungunyungu hana matundu kooni. Huyu anayo, safu mbili. Maji huingia mdomoni yakatokea hapo, kama kwa samaki. Niliyaona mwenyewe. Na penye ukosi, upande wa mgongoni, ana mshipa wa fahamu wenye uwazi ndani, kama mwanzi. Uti wa mgongo hana. Na mtoto wa binadamu, akiwa bado mdogo kabisa tumboni, huwa na mikunjo shingoni, mahali pale ambapo mnyoo huyu ana matundu."

"Hiyo ya mtoto umeiona?" akauliza baba.

"Hapana, Baba. Hiyo nimeambiwa na mwalimu."

"Basi huyo mnyoo si babu yetu."

"Si babu yetu. Wanasema ukoo wake na wetu ulikutana mbali sana, na waliokuwa katikati hatuwajui."

Baba alilichukua tena tonge lake, sisi sote tukimtazama.

"Mimi naamini Mungu ndiye aliyemuumba na pua yake," akasema. "Undugu sijaukubali. Lakini umetenga uliloliona na uliloambiwa. Mtu anayesema hivyo na asome."

Asubuhi alinibebea sanduku mwenyewe mpaka kwenye lori, kichwani, mbele ya waumini wake. Nilimfuata nyuma nikilia kwa furaha, wala sikuona aibu.

Kwa hiyo, mwanangu, usilete jibu nyumbani ukaiacha njia yake shuleni. Wazazi wako si wajinga, ila hawakuwepo mlipoifungua hiyo chupa ya maarifa. Waambie umeona nini, umeambiwa nini, na nini hukijui. Wakikataa, usiwadharau, endelea kuwaeleza kwa heshima.

Mungu akulinde barabarani. Akupe macho yanayoona vizuri na ulimi usiotangulia macho. Na kila utakaporudi, akukutanishe na watu watakaokusikiliza mpaka umalize, hata kama hawajakubali.