Radio ya Tata Ilunga na Uzi wa Mahakama

Mimi ndiye niliyekata uzi wa mahakama kwenye mlango wa nyuma wa marehemu Tata Ilunga. Niliulizwa nikiwa na miaka tisa, nikakana. Baba aliuliza, nikakana. Mama aliuliza, nikakana. Hata padri, ambaye kwa haki hakuwa akiuliza habari za uzi bali dhambi kwa jumla, sikumwambia. Baadaye hakuna aliyeuliza tena, nami nikaendelea kukana peke yangu, kwa mazoea tu.

Mwezi uliopita nilikuwa katika ofisi moja hapa Kolwezi, nikishughulikia karatasi za kiwanja. Karani aliwasha mshumaa, akayeyusha kipande cha lakiri, akakidondosha juu ya waraka na kukigonga muhuri. Harufu ikapanda: kama nywele zinazoungua jirani na sukari inayoungua. Nikasaini mahali pasipo pangu. Karani, kijana mwenye adabu, alinitazama kwa huruma ambayo watu huwapa wazee, akaenda kuchapa waraka upya. Nilibaki nimekaa, nikiwa na miaka tisa.

Nyumba yetu na ya Tata Ilunga zilikuwa pacha: paa moja la mabati, ukuta mmoja katikati, na ukuta huo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akikohoa yeye, mama alisema pole. Alikuwa fundi wa karakana, mtu mnene, mpole, mwenye radio kubwa ya uso wa mbao iliyochomekwa ukutani. Kila siku saa sita mchana ilisoma matangazo ya vifo: fulani wa Tenke anajulisha ndugu zake wa Mutshatsha kwamba fulani amefariki. Tata Ilunga alisikiliza yote hadi mwisho, hata ya watu asiowajua. Alisema ni heshima.

Alipofariki mwenyewe, kaka zake walikuja kwenye matanga na kamba. Ndiyo, kamba, na lori. Walitaka kupakia viti, kitanda na kabati kabla udongo wa kaburi haujakauka, kama ilivyokuwa desturi ya ndugu wengi wa mume, ambayo kila mtu aliilaumu mpaka zamu yake ya kuifuata ilipofika. Mkubwa wao alisimama mbele ya Mama Feza, mjane, aliyekuwa ameziba mlango kwa mwili wake.

“Mama, toka mu mulango. Hii bitu ni bya ndugu yetu.”

“Basi mupakize na batoto,” alijibu Mama Feza. “Nabo ni bitu byake.”

Watu walicheka, hata matangani. Kicheko kile kilimpa nafasi. Akamwachia mama yangu mlango, akaenda mahakamani kwa miguu, na jioni ile ile akarudi na karani aliyevaa tai. Karani aliwatoa watu wote nje, akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo. Wa nyuma ulikuwa na komeo la nje tu, kwa hiyo alilizungushia uzi mweupe, akabandika karatasi, akadondosha lakiri nyekundu kwenye fundo. Mpaka zuzi, yaani hakimu, aamue nyumba ni ya nani, alisema, haingii mjane wala shemeji.

“Hii uzi ni zuzi mwenyewe,” akasema. “Mwenye kuigusa, amegusa zuzi.”

Wanaume wanne wenye lori na kamba ngumu walitazama uzi ambao mama asingeshonea kifungo. Wakapanda lori wakaondoka. Mimi niliona kwa macho yangu, na hakuna kitu kilichowahi kunitisha vile. Simba ningemwelewa.

Mama Feza na binti yake Mwadi, rafiki yangu, walihamia kwenye kijumba cha jiko, uani. Siku ya pili ilipita kimya, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu mazishi. Siku ya tatu, saa sita mchana, jua likiwa juu ya utosi na wanawake wakichambua mboga uani, umeme ulirudi. Ndani ya nyumba iliyofungwa sauti ya mwanamume ikakohoa, ikasafishika, ikaanza kusoma majina ya wafu.

Bakuli lilianguka. Bibi mmoja alipiga magoti. Mwingine, mwenye moyo mgumu zaidi, akanong'ona, “Hata kule alipoenda, hajaacha kupenda habari.” Hakuna aliyecheka.

Watu wazima walielewa haraka. Siku ya kufunga nyumba hakukuwa na umeme, na hakuna aliyekumbuka kwamba radio ilikuwa imeachwa bila kuzimwa. Mimi pia nilielezwa. Lakini kuelezwa hakukusaidia. Umeme ulikuja na kwenda utakavyo, na sauti ilikatika katikati ya jina la mtu, ikarudi baada ya muda na jina la mwingine, kana kwamba kule ndani kuna mtu anayegeuza kurasa. Kitanda changu kiligusa ukuta ule. Usiku niliweka sikio, nikausikia ukuta ukitetemeka kidogo, kama ngozi. Nilianza kuamini kwamba siku moja litasomwa jina langu, na kwamba likishasomwa hakutakuwa na la kufanya, maana yalikuwa matangazo rasmi.

Mbuzi waliacha kupita uani. Karatasi ya mlangoni ilipigapiga hata wakati upepo ulikuwa umelala. Au ndivyo ninavyokumbuka, na nawaachia mniamini kwa kiasi mtakachoweza.

Karani alipopita kukagua, Mama Feza alimwomba aingie kuzima.

“Andika barua, Mama.”

“Barua ya kuzima radio?”

“Barua ya kuomba ruhusa ya kufungua. Zuzi eko Sandoa. Akirudia, atasoma.”

Mama Feza aliandika. Siku zikapita, zuzi yuko Sandoa, na mume wa Mama Feza aliyezikwa akawa anamsikilizisha habari kila mchana, yeye akiwa amekaa jikoni, hatua kumi kutoka kwenye kitufe.

Siku ya kumi na moja nilichukua wembe wa mama. Sikuwa na mpango wa ushujaa. Nilikuwa na usingizi tu, wa usiku wote niliokesha nikisikiliza ukuta. Ilikuwa mchana, matangazo yalikuwa yamefika mahali pa “na wajukuu wote,” na uani hapakuonekana mtu. Uzi ulikatika bila sauti. Nilingoja zuzi alie. Hakulia.

Ndani mlikuwa na joto lililokaa muda mrefu peke yake. Koti la kazi la Tata Ilunga lilikuwa limening'inia kwenye kiti, mabega yakiwa bado na umbo lake. Juu ya meza palikuwa na kikombe, chai ndani yake imekauka ikapasuka kama tope la kiangazi. Vumbi jekundu lilikuwa limelala juu ya kila kitu, na katika vumbi hilo hapakuwa na alama hata moja, ila karibu na radio, ambako mtetemo wake ulikuwa umechora viduara vidogovidogo. Sauti ilisema jina. Sikulisikia vizuri. Nikageuza kitufe.

Kimya kilichokuja kilikuwa kibaya kuliko sauti. Nilihisi kwamba koti lile, baada ya kusikiliza radio siku zote hizo, sasa linanisikiliza mimi. Nilitoka kinyumenyume, nikafunga uzi kwa fundo la kamba ya kiatu, nikabandika lakiri kwa mate.

Keshoyake karani alirudi, mashemeji nyuma yake. Aliingia kwetu na daftari, akatuuliza mmoja mmoja. Kwangu aliinama.

“Na weye, ulifika kule?”

“Hapana, Tata. Mi nilikuwa ku masomo.”

Akaandika. Uongo wangu ulipendeza sana kwa wino wa buluu.

Mama Feza polisi walimchukua mchana ule, wakamrudisha baada ya siku mbili akiwa na kitenge kile kile. Mashemeji walisema aliingia kutoa karatasi za nyumba, na karatasi za nyumba kweli hazikuonekana; pengine hazikuwahi kuwapo. Hukumu ilipotoka, nyumba ikawa yao. Mama Feza na Mwadi walipanda treni ya kwenda Mutshatsha. Mwadi alinipa daftari lake lenye kurasa tupu nyuma. Nililipokea.

Nikaenda kusoma sheria. Msicheke, wengine kwa dhambi kama ile huwa watawa. Kila mwaka nawafundisha vijana kwamba sheria hulinda wanyonge, hutuliza ugomvi, hupanga maisha ya jamii, nao huandika kwa kasi ya kutisha. Siwaambii nilichokuja kukiona nikiwa mtu mzima: kwamba uzi ule haukuwa na nguvu yoyote, isipokuwa ile ya watu wengi kukubali kuuogopa pamoja, na kwamba kwa siku kumi na moja ndio ulikuwa ukuta pekee ambao mjane yule alikuwa nao. Ulikuwa kiziwi, ndiyo. Ulimfungia nje ya kitufe cha radio ya mumewe. Lakini uliwazuia wanaume wanne, na mimi niliukata ili nilale.

Namba ya simu ya Mwadi nilikuwa nayo miaka mitatu. Tulikutana sokoni, tukapeana namba, nikakimbia. Siku ile ya lakiri nilirudi nyumbani na, bila kuvua viatu, nikapiga. Nilikuwa nimepanga maneno yangu katika sehemu tatu, pamoja na hitimisho. Mwadi alisema mama yake yupo hapo hapo, akampa simu.

“Ni nani?”

“Ni mutoto wa nyumba ya upande, Mama. Ya Kolwezi.”

“Ah,” ikasema sauti nyembamba, bila mshangao. “Ule wa radio.”

Sehemu zangu tatu zikanitoka kichwani.

“Nilikuona,” akaendelea. “Nilikuwa mu jiko, nachagula maharagi. Nilikuwa na kisu mu mukono siku tatu. Kila siku nasema, leo. Mukono inakatala. Kisha nakuona weye unatoka, na nyumba imenyamaza. Nililia siku ile. Ile matanga yote sikukuwa nimelia.”

“Lakini Mama, ulifungwa weye.”

“Karani aliuliza, nikasema ni miye. Bangekamata baba yako. Mama yako angebakia kama miye. Bamama babili bila nyumba, ingesaidia nani?”

Nilikuwa nimekana miaka yote hiyo kosa ambalo mtu mwingine alikuwa amekwisha kuliungama.

“Ila nilikungojea,” alisema. “Si kwa zuzi. Kwangu. Ku treni nilikuwa naangalia ku dirisha, nasema, ule mutoto atakuya, ataniambia. Mwaka muzima nilikungojea.”

“Ni miye, Mama,” nikasema. “Ni miye nilikata.”

Nilisikia kuku wa Mutshatsha, na pumzi yake.

“Nimesikia,” akasema. “Haya. Kata sasa, ma-unité ya simu yako itaisha.”