Gurudumu Lililofunguliwa Krismasi

Watoto kumi na wawili walikuwa juu ya gurudumu la kaka yangu, na gurudumu halikuwa na breki. Sisi tuliolifungua siku ile ya Krismasi tulijua.

Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Lucky Summer. Kwa karibu mwaka mzima alilijenga gurudumu hilo la bembea katika uwanja mmoja wa mtaa jirani wa Mowlem, kwa mabomba ya chuma na mota iliyotolewa kwenye kinu cha unga. Lilikaa bila kuzunguka hadi majirani wakaanza kulianikia nguo. Mpinzani wetu upande wa pili wa uwanja, jamaa mwenye puto kubwa la watoto kurukia, hakukosa neno.

"Niaje, fundi! Leo umeanika mablanketi. Watoto utawaanika lini?"

Mwenye uwanja alikuwa amesema waziwazi: lisipozunguka Krismasi, ling'olewe, na nafasi apewe mwenye puto. Isitoshe, Krismasi ndiyo siku ambayo mtoto wa mitaa yetu huvalishwa nguo mpya, akapewa hela yake na kuachiliwa atembee na wenzake. Januari mzazi anawaza karo na sare. Tungengoja breki, tungemfungulia nani?

Aliyeahidi kuleta breki alizima simu wiki ya mwisho. Kaka akaenda soko la Kariokor, akarudi na vipande vya tairi wanavyotengenezea viatu vya akala, akavipigilia kwenye ubao mrefu. Mota ikizimwa, wanaume wawili waukandamize ubao kwenye ukingo wa gurudumu mpaka lisimame. Tulijaribu kwa magunia ya mchanga. Lilisimama.

"Si unaona?" kaka akaniambia.

"Magunia hayarukiruki."

"Dada, wakinifukuza hapa nitalipeleka wapi? Nilikatekate niliuze kama vyuma kuukuu?"

Nikafungua lango.

Watoto walipiga kelele za furaha, wengine wakasimama vitini kuwapungia wenzao mkono. Kaka akazima mota. Wanaume wakaukandamiza ubao, ukatoa moshi, harufu ya mpira ikatanda. Gurudumu likaendelea.

"Mbona halisimami?" mama mmoja akauliza kwenye foleni. Kisha akapaza sauti: "Mbona halisimami?"

Kaka akalirukia, akaning'inia kwenye chuma, likamburuta kifua kikisugua ardhi. Mwenye puto akaacha wateja wake, akaja mbio, akang'ang'ania upande wa pili huku akimtukana kaka kwa kila tusi alilolijua. Likasimama.

Aliyeumia ni kaka peke yake, mbavu. Watoto waliposhuka walikimbilia nyuma ya foleni wapande tena.

Mwenye uwanja aliiona foleni tu. Ameshatundika bango la Pasaka langoni, na juu yake kuna picha ya gurudumu letu. Breki haijafika. Kaka bado analalia ubavu mmoja, na leo asubuhi ameniuliza kama naweza kupitia Kariokor nimletee tairi nene zaidi.